Jani Halisubiri: Mwongozo Kamili wa Kupima Usemi wa Jeni za Mmea wa Dawa, Kutoka Uani Tanga hadi Kwenye Mashine

Ukitembea Tanga mjini, kutoka Ngamiani mpaka Raskazone, ni nadra kulikosa lile ua dogo la petali tano, jeupe au la zambarau iliyofifia, linaloota lenyewe kando ya ukuta. Linakubali mchanga, linavumilia chumvi, wala halidai maji. Wauza miche huliita vinka. Mtaalamu wa mimea ataandika Catharanthus roseus na kukuambia kwao ni Madagaska. Tulipita tukilikanyaga utotoni, tukienda chuoni na juzuu zetu kwapani, bila kujua kwamba ndani ya majani yake mna vinblastini na vinkristini, dawa zinazotumika mpaka leo kutibu saratani ya damu ya watoto na uvimbe wa Burkitt.

Kisa cha kugunduliwa kwake hunichekesha kila mara. Miaka ya 1950 majani ya mmea huu yalitumwa Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kama chai ya kisukari. Robert Noble na Charles Beer walipoyajaribu kwa panya, sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu. Mwaka 1958 vinblastini ikajulikana. Tatizo ni kwamba mmea huitoa kwa ubahili: gramu 1 hudai mamia ya kilo za majani makavu. Ndiyo maana watafiti wameuandama mmea huu kwenye jeni zake, wajue ni lini na kwa nini hutengeneza dawa nyingi au kidogo.

Kabla sijaendelea: usiyachemshe majani haya ukanywa. Yana sumu, na kile kinachoua seli za saratani hakichagui sana.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara anayetaka kupima usemi wa jeni kwa mara ya kwanza, awe na vinka, muarobaini, mlonge au mmea mwingine. Nitatumia vinka kwa sababu njia yake ya kutengeneza dawa inajulikana karibu hatua kwa hatua.

Usemi wa jeni ni nini hasa

Fikiria hati ya kiwanja. Hati yenyewe haitoki kabatini. Ukitakiwa serikali ya mtaa, benki au kwa wakili, unatoa fotokopi. DNA ni ile hati, imefungiwa kwenye kiini cha seli. RNA ni fotokopi. Jani, mzizi na ua vya mmea mmoja vina hati zilezile, ila kila kimoja kinatoa fotokopi zake kwa shughuli ya siku hiyo. Kupima usemi wa jeni ni kuhesabu fotokopi za jeni fulani, mahali fulani, saa fulani.

Na fotokopi hizi ni za wino unaofutika. RNA ilitengenezwa ivunjwe haraka, na seli ina vimeng'enya vya kazi hiyo, vinavyoitwa RNase. Viko pia kwenye jasho la vidole vyako, kwenye meza na kwenye vumbi. Kwa uzoefu wangu, majibu mabaya mengi hayakuharibikia kwenye mashine. Yaliharibika katika dakika tano za kwanza baada ya jani kukatwa.

Hatua ya 1: Swali dogo

"Nataka kuchunguza jeni za mimea dawa ya Tanga." Hiyo ni nia, bado haijawa swali. Swali linalopimika lina mmea mmoja, sehemu moja ya mmea, jeni chache na hali mbili za kulinganisha.

Letu liwe hili: vinka inayonyweshwa maji ya chumvi, kama yale ya visima vya karibu na bahari, je, huisema jeni ya STR zaidi kuliko ile ya maji ya bomba? STR ndiyo jeni ya kimeng'enya kinachounganisha triptamini na sekologanini kupata striktosidini, mlango ambao alkaloidi zote za ukoo huu, vinblastini ikiwamo, hupitia. Ongeza D4H, iliyo karibu na mwisho wa njia ya kwenda kwenye vindolini, ambayo ni nusu moja ya vinblastini. Jeni ya mlangoni na jeni ya karibu na mwisho zikipanda pamoja, njia nzima huenda imechangamka. Ikipanda ya mlangoni peke yake, kuna foleni mahali.

Hatua ya 2: Vibali, na adabu

Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukitaka kuchuma ndani ya hifadhi ya msitu wa Amani, utahitaji pia ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ofisi ya kijiji ijue upo. Ukigusa damu au tishu ya mgonjwa, lazima kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ndiko mlango wa taifa. Mmea, mbegu au RNA ikivuka mpaka, pawe na mkataba wa maandishi wa nani anapata nini. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ilitungwa kwa ajili hiyo. Anza miezi kadhaa kabla, faili lina miguu mizito.

Kausha pia tawi moja lenye ua na jani, ulibandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na mahali, ulipeleke kwenye hifadhi ya mimea mikavu, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya taifa kule Arusha. Mtu akija kubisha miaka kumi baadaye kwamba ule haukuwa mmea huo, tawi litajibu.

Kuhusu waganga, Tanga tuna historia nzuri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha Tanga AIDS Working Group kiliwakutanisha waganga wa jadi na wahudumu wa hospitali katika kuwahudumia watu wenye VVU, jambo ambalo wakati huo wengi waliliona haliwezekani. Kwa hiyo usiende kwa mganga kama mtu anayekwenda kuchota maji kisimani.

Mbegu zangu nilizipata kwa mzee mmoja wa upande wa Muheza, ambaye vinka nyeupe imeuzunguka uwanja wake wote. Nilipiga hodi, nikakaribishwa mkekani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa nani wewe?"

Robo saa ya kwanza ilikwisha tukitafuta ukoo. Nilipotaja mbegu, hakuuliza bei. Aliuliza: "Ukishajua, utarudi kuniambia?" Nikaahidi. Liandike jambo la namna hiyo kwenye daftari la utafiti, ukurasa wa kwanza, kwa sababu ni deni.

Hatua ya 3: Otesha mwenyewe

Kishawishi kikubwa ni kuchuma vinka za Raskazone, kuchuma nyingine Amani, na kuzilinganisha. Usifanye hivyo. Amani iko juu milimani, ina baridi, ukungu na udongo mwingine, na huenda mbegu zake ni za kizazi kingine kabisa. Ukiona tofauti hutajua ni chumvi, baridi au ukoo.

Panda mbegu za mama mmoja kwenye viroba 12, udongo uleule, kivuli kilekile. Miche ikifika majani manane au kumi, piga kura kwa vikaratasi: 6 maji ya bomba, 6 maji ya chumvi. Gramu 5.8 za chumvi safi kwa lita hukupa milimola 100, kiasi cha kuustua mmea bila kuuua. Nywesha siku saba. Hamisha viroba kila baada ya siku mbili, maana kilicho karibu na ukuta hupata joto zaidi, na ukuta utageuka kuwa matokeo yako.

Kwa nini 6 na si 3? Kwa sababu mmoja utaliwa na mbuzi, na mwingine RNA yake itakataa. Halafu elewa hili, maana nimeliona likiangusha tasnifu: jani moja ukilipima mara tatu bado ni jani moja. Kupima mara tatu kunakuambia kama mkono wako na mashine vimetulia. Kinachokuambia habari za vinka ni wingi wa mimea.

Hatua ya 4: Kuchuma

Hapa ndipo pa kutoa macho.

Chagua saa moja na uishike. Mimea ina saa ya ndani, na jeni nyingi hupanda na kushuka kati ya alfajiri na magharibi hata kama hujaugusa mmea. Mimi huchuma saa tatu asubuhi. Usichume kundi la maji ya bomba saa tatu na la chumvi saa sita, utakuwa umepima jua. Chuma kwa kupokezana: mmoja wa bomba, mmoja wa chumvi, hadi mwisho.

Chagua pia jani la nafasi moja. Kwenye vinka, jeni za alkaloidi husemwa zaidi kwenye majani machanga ya juu. Chukua jozi ya pili kutoka kileleni, kwa kila mmea. Jani la chini lililokwisha komaa litakupa hadithi nyingine.

Ukishakata, saa inaanza kuhesabu. Mmea uliojeruhiwa hupiga mbiu ndani yake kwa homoni ya jasmoneti, na jeni za alkaloidi ni miongoni mwa zinazoitika mbiu hiyo. Ukikaa na jani mkononi ukipiga picha, unapima kidonda. Kwangu, kutoka mkasi hadi baridi ni chini ya sekunde thelathini.

Baridi gani? Nitasimulia aibu yangu. Mara ya kwanza nilinunua barafu ya samaki pale Deep Sea, nikajaza kikasha, nikafunga majani kwenye foili na kuyapanga humo, nikapanda gari kwenda maabara. Barafu ilikuwa nzuri, hata haikuyeyuka. Lakini barafu ni nyuzi sifuri, na RNase kwenye nyuzi sifuri inafanya kazi bila haraka wala wasiwasi. Kwenye jeli, ambako RNA nzima huonekana kama mistari, niliona moshi mrefu kutoka juu hadi chini, hakuna mstari hata mmoja. Wiki sita za kunywesha vinka zikaishia hapo.

Kinachofaa ni naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Watu hudhani Tanga haipatikani. Mkoa huu una wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, na wataalamu wa uhamilishaji huhifadhi mbegu za madume ndani ya mitungi ya naitrojeni hiyohiyo. Zungumza nao kwa heshima, ulipie, na uwahi siku ambayo mtungi unajazwa. Vaa miwani na glovu nene, usiibebe ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu hufukuza hewa ya kupumua, na usikaze kifuniko maana mvuke hutafuta pa kutokea.

Ukiikosa kabisa, tumia RNAlater, kimiminika cha chumvi kinacholaza vimeng'enya. Kata jani vipande vyembamba, visizidi nusu sentimita, kwa sababu nta ya jani huzuia kimiminika kuingia. Kilaze usiku mmoja kwenye nyuzi 4, kisha gandisha. Usitumie silika jeli. Silika hukausha jani vizuri kwa kazi ya DNA, ndiyo maana kila mtu anayo, lakini kwa RNA imechelewa.

Andika vibandiko jana yake, kwa penseli au kalamu isiyofutika kwa etanoli. Ukiandikia shambani huku mtungi unafuka, utaandika "3" inayosomeka "8".

Hatua ya 5: Kutoa RNA

Majani ya dawa ni magumu kwa sababu ileile inayoyafanya yawe dawa. Yamejaa fenoli, ambazo hugeuka kahawia kama ndizi iliyomenywa na kushika RNA, na yana sukari ndefu ambazo hugeuza mrija wako kuwa mlenda. Dawa ya kawaida ya fenoli na guanidini, ambayo kwenye seli za binadamu inafanya kazi vizuri, hapa mara nyingi hutoa mlenda wa rangi ya chai. Ndiyo maana napendekeza njia ya CTAB, aina ya sabuni inayovunja seli.

Andaa bafa, yaani mchanganyiko wa kutolea RNA: CTAB asilimia 2, PVP asilimia 2, Trisi milimola 100 ya pH 8, EDTA milimola 25, chumvi mola 2. Beta-mekaptoetanoli, asilimia 2, iongeze dakika ya mwisho ndani ya kabati la kuvuta hewa. Harufu yake ni ya yai viza lililosahauliwa mwezi, na jengo zima litajua uko kazini.

Kinu na mchi wa kauri vilale kwenye oveni ya nyuzi 180 usiku kucha. Futa meza, vaa glovu, ubadilishe kila ukigusa simu. Kisha:

1. Twanga jani ndani ya naitrojeni hadi liwe unga laini kama wa muhogo. Unga usiyeyuke hata kidogo kabla ya bafa.
2. Miligramu 100 za unga kwenye mililita 1 ya bafa iliyopashwa nyuzi 65. Tikisa, acha dakika 10.
3. Ongeza kloroformu na isoamili alkoholi (24 kwa 1) ujazo uleule. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10. Chukua maji ya juu, acha utando wa katikati. Rudia. Kama utando bado mnene, rudia mara ya tatu, usione uvivu.
4. Ongeza robo ya ujazo ya kloridi ya lithi mola 10, weka nyuzi 4 hadi kesho. Lithi huangusha RNA na kuacha sehemu kubwa ya sukari na DNA majini. Usiku huu ndio unaotenganisha mlenda na mali.
5. Zungusha nusu saa, mwaga, osha kwa etanoli asilimia 70, anika kidogo, yeyusha kwenye maikrolita 30 za maji yasiyo na RNase.
6. Safisha DNA iliyobaki kwa kimeng'enya cha DNase.

Pima kwa mwanga. Uwiano wa nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 2.0, wa 260 kwa 230 upite 1.8. Huu wa pili ndio husaliti mimea ya dawa: ukiwa 0.6, bado una fenoli na sukari, na zitakaba PCR yako, ile hatua ya kukuza DNA iwe nakala nyingi. Halafu pitisha kwenye jeli ya agarosi. Unataka mistari miwili mizito ya RNA za ribosomu. Kwenye jani utaona na midogo ya ziada, ni ya kloroplasti, usihangaike nayo. Ukiuona moshi, rudi shambani. Hakuna programu wala takwimu inayoirudisha RNA iliyokufa.

Hatua ya 6: Kuigeuza iwe cDNA

Hii ni fupi. Maikrogramu 1 kutoka kila mmea, sawasawa kwa wote, kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA (hiyo ndiyo cDNA), saa moja hivi kufuata maelekezo ya boksi. Zifanye zote siku moja na mkono mmoja. Tengeneza mirija michache isiyo na kimeng'enya. Baadaye ikitoa ishara kwenye mashine, una DNA iliyojificha na DNase yako haikufanya kazi.

Hatua ya 7: Praima na qPCR

qPCR ni PCR ambayo mashine hupima ishara ya nakala kila mzunguko. Praima ni vipande vifupi vya DNA, herufi 18 hadi 24, vinavyoshika jeni unayoitafuta pande mbili. Lenga kipande cha herufi 80 hadi 150. Mfuatano wa STR na D4H wa vinka upo bure kwenye hifadhi ya NCBI. Kwa muarobaini, rasimu ya jenomu ilichapishwa mwaka 2012, kwa hiyo hata huko hauko gizani.

Unahitaji pia jeni ya rejea, ile isiyojali chumvi wala kiangazi, ya kusawazisha makosa ya mkono. Kwa vinka wengi hutumia RPS9. Usiiamini kwa sifa. Chukua tatu, zipime kwenye mimea yako yote 12, chagua zilizotulia, na bora utumie mbili. Jeni ya rejea inayocheza ni kama mzani wa sokoni uliofungwa jiwe chini: kila kilo itakuwa ya uongo, na hutajua.

Kabla ya kupima sampuli, pima praima zenyewe. Changanya cDNA kidogo za mimea yote, zimua mara kumi, mara kumi tena, hatua tano. Chora namba za mzunguko dhidi ya logi ya kiasi. Mteremko wa −3.32 ni ufanisi wa asilimia 100. Kati ya −3.6 na −3.1 ni sawa, nje ya hapo agiza praima nyingine. Mwishoni angalia mchoro wa kuyeyuka: kilele kimoja. Vilele viwili maana yake unakuza vitu viwili.

Sahani ya mashine ipangwe hivi: kila sampuli mara tatu, mirija isiyo na cDNA kabisa, na ile isiyo na kimeng'enya ya hatua ya 6. Mizunguko 40. Umeme ukikatika katikati, sahani hiyo si ya kuendelezea, anza upya. Uwe na betri ya akiba, hasa msimu wa mvua.

Hatua ya 8: Hesabu

Mashine haikupi wingi, inakupa mzunguko ambao ishara ilivuka mstari. Namba ndogo ni fotokopi nyingi. Hesabu ya kawaida ni ya Livak na Schmittgen, 2001, na inafaa pale ufanisi wa praima unapokaribiana.

Tuseme maji ya bomba: STR 24.0, rejea 18.0. Tofauti 6.0. Maji ya chumvi: STR 22.5, rejea 18.2. Tofauti 4.3. Toa: 4.3 kasoro 6.0 ni −1.7. Kwa kuwa kila mzunguko ni kuzidisha kwa mbili, 2 kwa kipeo cha 1.7 ni takriban 3.2. STR imesemwa mara tatu na kidogo zaidi kwenye chumvi. (Namba hizi ni za mfano, usizinukuu.)

Jaribio la takwimu lifanye kwenye zile tofauti, 6.0 na 4.3 na wenzake, si kwenye ile 3.2. Mara-ngapi hunyoosha upande wa juu na kuubana wa chini, na wastani wake hudanganya. Ukiandika ripoti, fuata mwongozo wa MIQE wa kuripoti qPCR, uliotolewa mwaka 2009 na kuhuishwa mwaka 2025: taja ufanisi, jeni za rejea, ubora wa RNA. Mhakiki atauliza tu.

Hatua ya 9: Upande wa binadamu

Hapa maswali hubadilika. Sasa humpimi mmea, unapima seli za mtu zilizopewa mmea: je, rojo la majani linapunguza usemi wa jeni za uvimbe (ule wa kinga ya mwili, si wa saratani) kama TNF na IL6? Wengi hutumia seli za THP-1, zilizotokana na damu ya mtoto aliyekuwa na saratani ya damu. Unazigeuza ziwe walaji wa vijidudu, unazichokoza kwa LPS, kipande cha ganda la nje la baadhi ya bakteria, na kupima baada ya saa nne hadi sita. Kutoa RNA huku ni rahisi, hakuna mlenda. Mitego yake iko kwingine.

Mtego wa kwanza ni kifo. Seli inayokufa huacha kusema jeni nyingi, nawe utashangilia kwamba dawa imetuliza uvimbe. Pima uhai kwanza, utafute kiasi ambacho seli zinabaki hai, ndipo upime jeni. Na kipimo cha MTT, ambacho hubadilika rangi seli zikiwa hai, chenyewe kina tundu: majani yenye viondoa oksidi hubadilisha rangi yake hata bila seli. Weka visima vya sahani vyenye rojo na MTT tu, bila seli, utoe rangi hiyo.

Wa pili ni uchafu. Majani ya uani yana bakteria, bakteria wana LPS, na LPS kidogo mno inatosha kuipandisha TNF. Mtu anatangaza mmea "unaamsha kinga" kumbe aliyeamsha ni kinyesi cha kuku. Rudia jaribio ukiwa umeongeza polimiksini B, inayoikamata LPS. Athari ikitoweka, umeshapata jibu.

Wa tatu ni kiasi. Maikrogramu 500 kwa mililita hubadilisha jeni za seli yoyote, hata ukiweka rojo la mchicha. Jiulize kama damu ya mtu inaweza kufika hapo kwa kunywa kikombe. Kiyeyushi cha DMSO kisizidi asilimia 0.1, na seli za ulinganisho zipewe kiasi hichohicho. Ukitumia manjano, ambayo Muheza haikosekani, kumbuka kurkumini ina sifa ya kuonyesha "athari" kwenye karibu kila kipimo, nyingine ni rangi na mng'ao wake tu.

Wa nne ni wa kufikiri. Vinkristini haigusi jeni. Inakamata tubulini, protini ya vijiti vinavyovuta kromosomu seli inapogawanyika, seli inakwama katikati na kufa. Ukipima jeni za seli hiyo utaona mamia zimebadilika, na hakuna hata moja iliyo shabaha ya dawa. Ni kama kuhesabu watu wanaokimbia sokoni: unajua kuna jambo, hujui ni moto au mwizi. Kwa hiyo ripoti yako iandike "ilibadilisha usemi wa", isiandike "inatibu".

Na GAPDH, ambayo kila mtu anaitumia kama rejea ya binadamu, ni jeni ya kuchoma sukari. Ukichunguza mmea wa kisukari, usiisimamishe kama shahidi.

Kama huna maabara

Una kompyuta na bando, unaweza kuanza leo usiku. Data za RNA zilizosomwa nzima, za vinka na za binadamu, zimewekwa wazi kwenye hifadhi za SRA na GEO. Jukwaa la Galaxy ni bure na kazi nzito hufanyika kwenye kompyuta zao, si yako. Hesabu fotokopi kwa programu ya Salmon, linganisha makundi kwa ile ya DESeq2. Jihadhari na wingi: binadamu ana jeni za protini takriban 20,000, ukitumia kigezo cha p cha 0.05 bila kurekebisha, 1,000 zitaonekana "muhimu" kwa bahati tu. Soma safu ya p iliyorekebishwa, ile nyingine ifiche kabisa isikutamanishe. Ukishajua jeni tano zenye maana, ndipo uende kuomba nafasi ya benchi kwa watu, na utapewa kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 10: Pima dawa yenyewe

Fotokopi nyingi hazina maana kwamba nyumba imejengwa. RNA ya STR inaweza kupanda na vindolini isipande, kwa sababu kimeng'enya hakikutengenezwa, malighafi iliisha, au alkaloidi ilitengenezwa ikavunjwa. Kwa hiyo siku ya kuchuma, jani la pili la jozi ileile liende kwenye bahasha yake, likaushwe, lipimwe alkaloidi kwa kromatografia. Ukisubiri mpaka matokeo ya jeni yatoke ndipo ukumbuke, majani yale hayapo tena.

Mimi sikukumbuka. Niliporudi Muheza na daftari langu, mzee alinisikiliza mpaka mwisho, vinka zikiwa zimechanua nyuma yake.

"Kwa hiyo la chumvi lina nguvu zaidi?"

"Babu, jeni imepanda. Nguvu yenyewe sijaipima."

Akaingia ndani, akatoka na kikaratasi cha mbegu kilichokunjwa, akanipa.

"Haya. Nenda kaipime."